Sauti Yangu Sebuleni kwa Baba Mkwe

Niliolewa Mbeya nikitokea Iringa, na jambo la kwanza nililofundishwa na watu wa mume wangu halikuwa kupika ndizi, ingawa hilo nalo lilikuja na masimango yake. Nilifundishwa kujificha. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hamtazami, hamsemeshi, haingii alimo, wala halitaji jina lake. Akimwona anakuja, anaacha njia. Mimi Mhehe, mwalimu wa shule ya msingi niliyezoea kuwapigia kelele watoto hamsini kutwa nzima, nikaambiwa yuko mtu mmoja duniani ambaye sauti yangu haitakiwi kumfikia. Nikacheka. Nilidhani hayo ni mambo ya huko Tukuyu kwao, na sisi tungekaa Ilomba, mjini, kwa raha zetu.

Mwaka wa pili wa ndoa mama mkwe akafariki, na mzee akaletwa kukaa nasi.

Kicheko kiliniisha. Mzee alipewa sebule na chumba cha mbele. Mimi nikabaki na nyuma: jiko la uani, stoo, chumba chetu na mlango wa uani. Akitaka kwenda chooni alikohoa mara mbili kabla ya kutokeza, nami nikijikuta uani nilijifunika kanga kichwani na kugeukia ukuta mpaka hatua zake zipite. Chakula chake alikipeleka mume wangu. Kwa hiyo nilimfahamu kwa kikohozi, kwa fimbo, na kwa ncha za viatu vyake vya tairi nilizoziona chini ya upindo wa kanga. Tuliishi hivyo miaka mitatu. Kama mtu angeniuliza mzee ana meno mangapi, nisingejua hata kama anayo.

Nilichukia. Naliandika hili waziwazi kwa sababu siku hizi wajukuu zangu hunisikiliza nikisimulia wakadhani nilikuwa malaika. Nilikuwa na hasira kila nilipoambiwa ninyamaze katika nyumba ambayo nusu ya kodi yake niliilipa mimi. Nikitoka shule nilitamani kupita mlango wa mbele kama mtu, siyo kuzunguka nyuma kama mwizi wa kuku.

Basi katikati ya miaka ile ya sabini kulikuwa na mchezo wa redio, kila Jumapili saa kumi alasiri. Televisheni huku bara hatukuwa nayo. Tulichokuwa nacho ni redio, na redio ilitutosha. Mchezo wenyewe ulihusu kijiji kizima kilichopanda chombo na kwenda angani kutafuta nyota yenye udongo mzuri. Wakati ule watu wengi nchini walikuwa wakihamishiwa vijiji vipya, kwa hiyo habari ya kijiji kinachohama haikumshangaza mtu. Kilichotushangaza ni kwamba hawa walihama wote kwa kupenda. Nahodha alikuwa mzee mwenye sauti nzito, na kila waliposhuka kwenye nyota mpya, kabla hajauliza kama kuna watu, aliuliza udongo wake ukoje.

Baba mkwe aliupenda mchezo ule kupita kiasi. Ujana wake alichimba dhahabu Chunya, ndiko alikojifunza Kiswahili, lakini moyoni alikuwa mkulima, na Wanyakyusa wanaume hawaoni haya kushika jembe. Redio ilikaa dirishani kwake. Mimi nilikaa stoo, juu ya gunia la mahindi, sikio ukutani. Nahodha akisema udongo wa nyota fulani ni mwekundu na unanata, nilimsikia mzee akiguna upande wa pili: "Huo wa kupanda viazi tu." Mara nyingine niliweka mkono mdomoni nisicheke kwa sauti.

Baada ya miezi kadhaa redio ikawa inapigwa kwa nguvu zaidi. Nikamwambia mume wangu baba yake anaanza kuwa kiziwi. Akanitazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu aliyekosea hesabu ubaoni.

"Baba anasikia vizuri," akasema. "Aliniuliza kama ukuta wa stoo ni mnene."

Hasira yangu ilipungua kidogo siku ile, lakini kidogo tu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, mimba yangu ya miezi saba iliharibika. Nilikaa hospitali siku kumi, kisha nikarudishwa nyumbani nikiwa sina nguvu ya kubeba hata kikombe. Nyuma ya nyumba nilikuwa na shamba dogo. Mahindi yalikuwa yamesimama tayari, maharage sikuwahi kuyapanda, na magugu yalikuwa yakiota bila kunihurumia. Asubuhi ya kwanza nikiwa kitandani nilisikia jembe. Nilidhani mume wangu, lakini mume wangu alikuwa amelala pembeni yangu anakoroma. Jembe lililima mpaka jua lilipoanza kuingia dirishani, kisha likanyamaza, na nikasikia kikohozi mara mbili. Kesho yake vilevile. Kwa wiki tatu mzee yule alinilimia, akanipalilia, akanipandia maharage, na kila siku aliondoka kabla sijaweza kuamka na kumkuta. Hakuweza kuja kunipa pole. Mwiko ulimkataza kuniona. Jembe haukulikataza.

Nililia sana asubuhi zile. Nilimlilia mtoto, na nililia pia kwa sababu kulikuwa na mtu nje ya dirisha langu niliyemdhania ukuta.

Nilimwomba mume wangu anipelekee asante. Akaipeleka, akarudi. "Amesema amesikia." Hayo tu. Lakini mama yangu Iringa alitulea akituambia kwamba asante ya jembe haitumwi. Aliyelimiwa huitamka kwa mdomo wake mwenyewe, la sivyo amekula jasho la mtu bure. Nikabaki na lile neno kooni. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, ninajua Kiswahili, Kihehe, Kinyakyusa cha kuombea maji na Kiingereza cha kufundishia, na sikuwa na lugha hata moja ya kumwambia mzee mmoja asante.

Hapo ndipo ilipoingia ile redio.

Jumamosi kulikuwa na kipindi kingine, cha matakwa. Msikilizaji aliandika kadi akieleza jambo analotamani maishani, na watangazaji wakichagua kadi yake, walimtimizia. Mmoja alitaka kuongozana na dereva wa treni kwenye reli mpya, wakampandisha. Bibi mmoja alitaka kupiga kengele ya kanisa kubwa, akaipiga mpaka wakamwomba aache. Kipindi hicho mzee hakukisikiliza. "Mtu mzima anaomba kengele?" nilimsikia akisema, na redio ikazimwa. Mimi nilikisikiliza kwa jirani.

Lakini mara mbili vipindi hivyo viwili vilikutana. Mara ya kwanza mfugaji mmoja wa bonde la Usangu, wa wale waliotoka kaskazini na ng'ombe wao, aliandika kwamba anataka kupanda kile chombo cha angani amuulize nahodha wanawanyweshaje mifugo. Wakampandisha! Jumapili ile tulisikia kijiji kikisimama katikati ya anga ili mtu wa Usangu aulize swali, na nahodha akamjibu kwamba ng'ombe waliachwa nyumbani. Yule bwana akakasirika hewani. "Sasa hicho ni kijiji gani?" akasema. Mara ya pili alikuwa binti wa Kihindi, baba yake ana duka la vitambaa Iringa mjini, aliyetaka kufungua mlango wa chombo. Akaufungua, akasema, "Kuna baridi, kama nyumbani," na mchezo ukaendelea.

Baba mkwe hakufurahi. Kupitia ukutani nilimsikia akilalamika kwa mwanawe kwamba watu wa duniani wanaharibu safari. Mimi moyo ulinidunda kwa sababu nyingine kabisa. Mchezo ule ndio kitu pekee alichokisikiliza tangu mwanzo mpaka mwisho bila kukohoa. Mtu akiingia mle, amefika masikioni mwake. Na redio si mtu, nilijiambia. Ni mbao na waya.

Niliandika kadi shuleni wakati wa mapumziko. Niliandika kwamba ningependa kushukuru kwa neno moja mbele ya nahodha, maana mimi ni mkulima kama yeye. Shamba la nani na shukrani za nini sikueleza. Likizo ya Juni ilipokaribia nikapata barua: gari lao la kurekodia litapita Iringa, nifike ukumbini siku fulani. Nikamwambia mume wangu ninakwenda kumwona mama yangu, jambo ambalo lilikuwa kweli, ila nusu.

Ule ukumbi wa Iringa siku ile ulikuwa baridi kama kisima. Nilitegemea mitambo. Nilikuta cherehani. Ile ngurumo ya chombo kuruka, iliyotutoa jasho miezi yote ile, ilikuwa ni dada mmoja mnene akikanyaga cherehani huku mwenzake akivingirisha mawe ndani ya debe. Upepo wa nyota ulikuwa kanga ikisuguliwa kwenye ungo. Na nahodha, ee Mungu wangu, nahodha alikuwa mwanamume mwembamba mwenye sweta lililotoboka kiwiko, anatafuna karanga. Ila alipofungua mdomo, sauti ilikuwa yake.

Nilipewa kuwa mwanamke anayekuta kijiji kikishuka kwenye nyota yake. Nilikuwa na mistari minne ya kusoma, na nikaisoma kama ninavyosoma imla darasani, kwa ukali, mpaka kijana mwenye miwani aliyesimamia kazi akaniomba nisiwaogopeshe wageni. Kisha akasema sasa niseme lile neno langu. Utepe ukazunguka. Nilikuwa nimetayarisha sentensi nzuri kabisa ya kitabuni, ikanipotea yote.

"Baba," nikasema, "asante kwa kunilimia. Nilikuwa kitandani, nikasikia jembe. Maharage yaliota yote."

Kijana mwenye miwani akatazama karatasi yake. "Mama, hilo limetoka wapi? Kwenye nyota hii hawajaanza kulima."

Nahodha alihamisha karanga shavu la pili, akaniangalia. "Liache lilivyo," akamwambia yule kijana. Kisha akakisogelea kipaza sauti na kunijibu, kwa ile sauti nzito: "Imefika, mwanangu."

Nilirudi Mbeya nikiwa mwepesi. Mama yangu, nilipomweleza, alipiga vigelegele jikoni. "Umefanya vema," alisema. "Huyo mkwe si chui." Sisi tuliona tumeupita mwiko kwa akili, bila kuuvunja. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu, Wahehe wawili tukihukumu mambo ya Wanyakyusa juu ya sufuria ya ugali.

Nilikuta shangazi wa mume wangu amekuja kumtembelea kaka yake. Alikuwa mama mfupi, mchangamfu, mwenye kujua mila kuliko mila zenyewe. Siku tatu kabla ya mchezo kurushwa nilimweleza uani, nikitegemea atacheka. Aliacha kumenya ndizi.

"Mkamwana," akasema, "umefanya nini tena?"

"Shangazi, ni redio tu. Mimi mwenyewe nitakuwa stoo."

"Stoo yatakuwa yamekaa matako yako. Wewe utakuwa mule ndani kwa mkweo. Mtu ni sauti yake! Tukizima taa, mimi nakujuaje wewe? Si kwa sauti?" Akafuta kisu kwenye kanga. "Ukiingia chumbani mwa mzee, hawezi kukaa tena nyumba hii. Atarudi Tukuyu. Nani atampikia kule? Nyumba yake saa hii wanalala popo."

Sikuwa nimelifikiria hilo kabisa. Nilikuwa nimefikiria ulimi wangu tu, kwamba uachiliwe useme, na sikufikiria kwamba mwiko ule ulimfunga na yeye, na kwamba yeye ndiye angelipa kwa kutoka. Na maji yalikwisha mwagika. Utepe ulikuwa Dar es Salaam.

Mume wangu alipoambiwa, alikaa kitako juu ya ndoo. Hasira zake hazikuwa na kelele, na hizo ndizo mbaya.

"Nitatoa betri," akasema mwishowe. "Nitamwambia zimekwisha."

"Hapana," nikasema.

"Unataka aondoke?"

"Sitaki aondoke. Lakini hatutamwibia mchezo wake kwa sababu ya ujinga wangu. Mwambie. Mwambie kila kitu, kwamba nimo ndani, nilichokisema, na kwamba sikujua. Aamue mwenyewe."

"Mwalimu," akasema, maana hivyo ndivyo alivyoniita, "wewe una kichwa kigumu." Lakini akainuka akaenda.

Nilisubiri uani. Shangazi alisali. Mume wangu alirudi baada ya muda mfupi mno.

"Amesema nini?"

"Amesema amesikia."

Ijumaa na Jumamosi zile sitaki kuzirudia. Nilisikia sanduku likiburutwa chumba cha mbele na nikajua anafungasha. Nilipika ndizi na kunde anazozipenda, sahani ikarudi nusu. Nilifikiri juu ya mzee yule peke yake kwenye nyumba yenye popo, akichemsha maji mwenyewe, na yote kwa sababu mimi nilitaka kusikika.

Jumapili upepo wa Julai ulikuwa ukivuma na kuleta vumbi. Saa tisa na nusu nikasikia kikohozi, mara mbili. Nikajifunika na kugeukia ukuta. Viatu vya tairi vikapita, polepole, na nyuma yake kitu kizito kikiburutwa. Havikwenda chooni. Vilikwenda moja kwa moja shambani, kwenye migomba michache aliyokuwa ameipanda nyuma kabisa. Nikabaki nimeganda hapo mpaka mume wangu aliponigusa bega.

"Baba amechukua kiti chake amekwenda kukaa shambani," akasema, na sauti yake ilikuwa ya ajabu. "Redio ameiweka dirisha la nyuma, imeelekea nje, ameifungulia mpaka mwisho. Anasema sebuleni hayumo. Anasema uingie ukae, usikilize vizuri."

Sikumwelewa. Shangazi ndiye aliyeelewa. Alikaa chini ghafla akaanza kucheka na kulia pamoja. "Shambani si ndani," alikuwa anasema. "Shambani sauti ya watu inapita tu na upepo, nani ataikataza? Kaka, ndaga fijo, asante sana!"

Kumbe lile sanduku lilikuwa limeburutwa ili kupata nafasi ya kusogeza meza ya redio.

Nikaingia sebuleni. Tangu mzee aje sikuwa nimekanyaga mle. Palinukia tumbaku na sabuni ya kufulia, na kila kitu kilikuwa kimepangwa sawasawa, kama chumba cha mwanafunzi anayetegemea ukaguzi. Nikakaa kwenye ukingo wa kiti karibu na dirisha la nyuma. Cherehani ikanguruma, debe likavingirika, kijiji kikashuka. Mwanamke mmoja mkali akawakaribisha wageni kama anawasomea imla, na yule mwanamke alikuwa mimi.

Ndipo nikatazama nje. Mwiko ulinikataza kumtazama usoni, na uso alikuwa ameugeuzia milima. Nilimwona mgongo. Kikohozi kile cha miaka mitatu kilikuwa kimenichorea mzee wa miraba minne, na aliyekaa pale alikuwa mtu mdogo kabisa ndani ya koti kubwa la jeshi, shingo nyembamba, masikio yamemtoka pembeni.

"Baba," redio ikasema, "asante kwa kunilimia."

Akavua kofia, akaiweka gotini. Akabaki hivyo, kichwa wazi katika upepo ule, mpaka maharage yakaisha kuota na nahodha akajibu kwamba imefika. Nililia hadharani, mbele ya mume wangu na shangazi, na sikujifunika.

Mchezo ulipokwisha hakugeuka. Alivaa kofia yake, kisha akamwita mwanawe kwa sauti kubwa kuliko mahitaji, maana mwanawe alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwake.

"Wewe! Ukikutana na yule mama wa kwenye nyota, mwambie mwaka kesho maharage asipande karibu na migomba kama nilivyopanda mimi. Kivuli kinayaua. Yaliota yote, lakini yalizaa nusu. Mwambie mimi sikutaka kumvunja moyo."

"Nitamwambia, baba."

"Na mwambie," akaongeza, akiinuka kwa fimbo, "mtoto atakuja mwingine."

Nilikuwa nimesimama dirishani, nasikia kila neno, na sote wanne tulijua kwamba nasikia. Kisha akakohoa mara mbili, nami nikatoka mbio sebuleni kumpisha arudi.

Alikaa nasi miaka mingine minne, na mwiko ukakaa nasi vilevile. Alimwona mjukuu wake wa kwanza. Mimi nilimkabidhi mtoto kwa mume wangu mlango wa nyuma, naye mzee akampokea mlango wa mbele. Na kila msimu wa kupanda ulipofika, niliyaweka maharage mbali na migomba, na kweli yalizaa.